Jirani Yetu Albertine

Mama yake alipomwambia kwamba anataka kufanya mtihani wa diploma ya serikali, ule wa kumaliza sekondari, Paulin alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, tayari kwenda chuoni Kasapa. Alidhani anataniwa.

"Kwa umri huu, mama?"

"Mutihani hauulizi umri," Albertine akajibu. "Unafundisha bantu bakubwa kule Hewa Bora kila Jumamosi. Nifundishe na mie."

Ni kweli alikuwa akifundisha. Paulin alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya fasihi, na kikundi cha watu wazima waliokosa diploma walipokuwa vijana kilimwomba awaonyeshe namna ya kuandika insha. Albertine naye aliikosa. Alikatisha shule akiwa na mimba ya huyu huyu Paulin, darasa moja tu kabla ya kumaliza. Mumewe, fundi wa reli, alipofariki, akaanza kuuza makaa mbele ya nyumba yao mtaani Katuba, na kwa kazi hiyo akamsomesha mwanawe. Vidole vyake havikutakata tena, hata avisugue kwa mchanga.

Paulin hakuwa na sababu ya kukataa. Alikuwa na sharti tu.

"Kule usiseme uko mama yangu. Batasema ninakupendelea."

"Sawa," akasema. "Nitakuwa Albertine."

Basi akaanza kwenda. Alikaa karibu na dirisha, kando ya Syntiche, msusi kijana aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali. Wenzake walimzoea upesi. Wakimwita "Albertine!" aligeuka haraka, kama msichana aliyeitwa na wenzake njiani. Paulin aliliona hilo, lakini hakulitia maanani.

Jumamosi moja aliandika ubaoni swali la Kifaransa, kisha akalifasiri: "Katika hadithi, mhusika mwoga anaweza kutufundisha zaidi kuliko shujaa. Jadili." Akawaambia wakaandike nyumbani.

Juma lililofuata alirudisha karatasi. Ya mama yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilisimulia habari za bwana mmoja wa mtaani aliyejificha ndani ya pipa wezi walipoingia kwake, ikaishia hapo. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama nyeusi za vidole. Paulin hakutaja jina la mwandishi.

"Huyu hakusoma swali," akawaambia. "Aliona neno 'mwoga' akakimbia nalo. Swali halikuomba kisa, liliomba msimamo."

Alikuwa amesema kweli, na kama angekomea hapo hakungekuwa na ubaya. Lakini watu walikuwa wanatabasamu, naye akapenda wanavyotabasamu. Akainyanyua ile karatasi kwa ncha za vidole viwili.

"Tena sijui iliandikwa kwa kalamu ao kwa makala ya jikoni."

Darasa likacheka. Albertine naye akacheka, akichelewa kidogo kuliko wengine, huku anaingiza mikono yake chini ya meza.

Masomo yalipokwisha, Jeannot, dereva wa lori ambaye aliketi mbele kabisa, alibaki kumsaidia kufuta ubao. "Mwalimu," akamwambia, "wewe na Albertine hamuna undugu? Naona paji la uso ni moja."

"Hapana," Paulin akasema. "Ni jirani yetu tu."

Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake mkononi, anamngoja waende nyumbani.

"Njo vile, ni kweli," Albertine akamwambia Jeannot. "Tuko majirani." Kisha akashika njia bila kumngoja mtu.

Jioni alisonga bukari kama siku zote na kumwekea Paulin kipande kikubwa cha samaki. Paulin alimega tonge, akalirudisha sahanini. Kama mama angemkaripia, angalau angekuwa na la kujibu, au la kuomba radhi. Albertine aliuliza tu kama chumvi inatosha. Inatosha, akajibu, na uso ukamwaka moto kana kwamba amekana mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata Albertine hakwenda. Alisema ana wateja. Paulin akaenda peke yake, akarudia swali lile lile, kwa maana wengi walikuwa wamelikosea.

"Kabla ya kushika kalamu, lihojini swali neno kwa neno," akawaambia. "Limesema 'anaweza', halikusema 'daima'. Limesema 'kuliko', basi mnalinganisha wawili, na shujaa musimusahau. Halafu jiulize: mimi nasema nini? Msimamo ni sentensi ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuikataa, nawe ukabaki umesimama nayo."

Akajaza ubao kwa hoja, upande mmoja za kukubali, upande mwingine za kukataa. Syntiche akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umetupa za ndiyo na za hapana. Wewe mwenyewe unasema nini?"

Paulin akafungua mdomo. Kiti cha kando ya Syntiche kilikuwa kitupu. Alijua majibu mengi ya swali lile, ya vitabuni na ya maprofesa, lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kiti.

"Albertine si jirani yetu," akasema. "Ni mama yangu mzazi. Nilimkana kwa sababu nilimwonea haya. Na ile karatasi niliyoicheka ilikuwa yake."

Jeannot alitazama viatu vyake. Syntiche akashusha mkono polepole.

"Hilo si jibu la swali langu, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, na hakuwa akitania.

Paulin aliwaruhusu mapema. Nyumbani alimkuta mama yake anachekecha vumbi la makaa uani. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nimebaambia."

"Umebaambia nini?"

"Kwamba uko mama yangu. Na kwamba nilikukana."

Albertine akaweka chekecheo chini. "Nani alikutuma?"

Paulin alikuwa amejitayarisha kwa machozi, hata kwa matusi. Kwa swali hilo hakuwa tayari.

"Hapa Katuba niko Mama Paulin," Albertine akaendelea. "Ku soko, Mama Paulin. Ku kanisa, Mama Paulin. Sikatai, ni heshima. Lakini kule nilikuwa Albertine. Siku uliponikataza kusema, iliniuma. Kisha nikaanza kupenda. Sasa umeenda kusema bila kuniuliza, kusudi roho yako ipumuzike."

Paulin alikuwa ametoka asubuhi na aibu moja, amerudi na mbili, na hii ya pili aliitafuta mwenyewe akidhani anaiondoa ile ya kwanza.

Mteja akaja na ndoo. Albertine akamhudumia, wakaulizana habari za watoto, mteja akaenda zake. Kisha akanawa mikono.

"Leta ile swali," akasema.

Wakakaa kwenye kizingiti, karatasi magotini. Paulin akamwonyesha "anaweza", akamwonyesha "kuliko". Mama yake akayasoma maneno hayo mara kadhaa, kidole kikipita chini yake.

"Shujaa, mi namushangilia tu," akasema baadaye. "Mwoga, najiuliza: ningekuwa mie, ningefanya nini? Njo maana anaweza kunifundisha mambo mingi kumupita shujaa. Lakini hadithi isifiche kile alichoogopa. Ile yangu ya pipa ilikosea pale. Nilichekesha bantu tu, sikusema aliogopa nini."

"Hiyo ndiyo msimamo wako, mama. Tungeongeza 'labda' pale mwanzo, ili—"

"Acha vile. Ni yangu."

Akaiandika, herufi moja moja. Alipomaliza aliuliza bila kuinua macho, "Na wewe uliogopa nini?"

Paulin angeweza kurudia yale ya kupendelewa. "Vidole vyako," akasema. "Niliogopa wajue nimetoka wapi."

"Nilijua," Albertine akasema. "Nilitaka kusikia utasemaje."

Hakurudi Hewa Bora. Alitafuta kikundi kingine, mtaa wa Kamalondo, akawa anaenda peke yake. Paulin aliomba amsindikize hata siku ya kwanza tu, akaambiwa hapana. Akirudi jioni hakusimulia mengi, na Paulin hakuthubutu kuuliza. Yeye aliendelea kuwafundisha wale wa Hewa Bora. Walimheshimu kama zamani, ila hakuna aliyecheka tena alipotania, naye akaacha kutania.

Matokeo yalipotoka, Albertine alikuwa amefaulu, si kwa alama nyingi. Majirani walimmwagia poda, kama afanyiwavyo kila aliyefaulu, kichwani na mabegani mpaka akawa mweupe kama aliyeanguka ndani ya unga. Wanafunzi wenzake wa Kamalondo walikuja wakiimba, watu ambao Paulin hajawahi kuwaona. Mmoja alimshika Albertine mkono, wakacheza. Paulin alisimama kando ya ukuta, hajui kama ana haki ya kuingia katikati na kucheza naye.

"Paulin," mama yake akamwita kutoka kwenye kelele, "leta viti. Bantu bamesimama."

Akaenda kwa majirani kuomba viti.