Mbeleko Isiyofuliwa

Sabaha alikuwa mtu wa kubana matumizi, na simsemi kwa ubaya, maana nyumba nyingi za Mchafukoge zimesimama kwa watu wa namna yake. Alikuwa akienda Kariakoo na elfu kumi, anarudi na kikapu kimejaa na nauli aliyoiokoa kwa kutembea. Kwa hiyo mdogo wake Anuari aliposema kwamba Idi pili mkewe Nasma na binti yao Moza wataenda Bustani ya Shangwe, kule upande wa Buguruni, na dada mtu awasindikize kwa kuwa yeye tajiri yake anafungua duka siku hiyo, Sabaha hakuuliza habari za bembea. Aliuliza chakula cha huko kinauzwaje.

"Chipsi kuku elfu kumi na nane," Anuari akasema. "Maji elfu tatu."

"Sahani moja?"

"Sahani moja, dada."

"Kwa hela hiyo napika pilau tukala na majirani."

Shida ilikuwa getini. Chakula kutoka nje kilikatazwa, mabegi yalipekuliwa, na atakayekamatwa nacho anatolewa hapo hapo na kiingilio chake hakirudishwi. Kiingilio chenyewe Anuari alikidunduliza miezi mitatu, tangu Moza alipoomba. Na hilo ndilo lililomfanya Nasma aione safari ile kuwa kubwa kuliko bustani yenyewe, kwa sababu ombi lile lilikuwa la kwanza kutoka mdomoni mwa mtoto yule tangu msiba.

Msiba wenyewe hakuna aliyekuwa akiuita msiba. Nasma aliingia leba na tumbo, akatoka bila mtoto. Wanaume walimzika adhuhuri ile ile, mama mtu akiwa bado kitandani wodini. Moza, mwenye miaka minane, aliyekuwa akilala na sikio tumboni kwa mama yake, aliambiwa mdogo wake amerudi kwa Mungu, na baada ya hapo watu wazima wote wakafunga midomo wakidhani ndiyo huruma. Mtoto naye akafunga wake. Akawa haombi, habishi, hacheki. Hadi siku alipoliona tangazo la gurudumu kubwa la kupanda juu, akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kulipanda lile.

Asubuhi ya Idi pili Sabaha alitoka jikoni na ufumbuzi. Pilau na mapaja ya kuku alivifunga kwenye foili vifurushi vitatu, vyote akavizungushia taulo, taulo akaiviringisha ndani ya blanketi dogo, juu akaweka kitambaa kilichosokotwa duara na kukivalisha kofia ya sufi. Kiliposimama mezani kilikuwa mtoto mtupu, anakosa kulia tu.

"Wifi, unakibeba mgongoni," akamwambia Nasma. "Nani atampekua mama mwenye mtoto? Mimi umri wangu watanishtukia."

Nasma alikitazama kile kifurushi. Angeweza kukataa. Sabaha hakuwa na moyo mbaya, alikuwa na mahesabu tu, na mtu akishazama kwenye mahesabu haoni anamkanyaga nani. Lakini kukataa kulihitaji kusema sababu, na sababu ilikuwa imefungiwa miezi yote ile. Moza alikuwa tayari amevaa viatu vya Idi, amekaa ukingoni mwa kochi. Nasma akaona bora abebe kuliko kuanza kueleza.

Kanga zake za kawaida zote zilikuwa zimechakaa mno kwa mzigo ule. Akaenda chumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa ile aliyoinunua Mtaa wa Kongo akiwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Moza," Sabaha akasema mlangoni, "ukiulizwa, huyu ni mdogo wako. Umesikia?"

Moza alimwangalia mama yake kwanza. "Nimesikia, shangazi."

Sasa, mwanamke yeyote aliyewahi kubeleka anajua kwamba kanga haibebi mtoto ikiwa mpya. Mpya ina stachi, ni ngumu na inateleza, fundo halikai. Unaifua mara tatu, mara nne, hadi ilainike ishike mwili, ndipo inaitwa mbeleko. Nasma alilijua hilo vizuri. Walipokaribia geti la Bustani ya Shangwe alilihisi fundo kifuani likijilegeza, akalikaza, na jasho likaanza kumtoka. Pilau ilikuwa ya moto. Joto lake lilipenya blanketi likamkaa katikati ya mgongo, na uzito wake ulikuwa uzito ule ule aliokuwa ameusubiri.

Getini palikuwa na mlinzi mwanamke, mtu wa makamo, jina lake limeshonwa kifuani: Severa. Alikuwa akipekua mabegi kwa mikono miwili, bila haraka. Mbele yao alimtoa baba mmoja na mfuko wa sambusa, na baba yule alibembeleza sana na hakusikilizwa. Nasma aliona mabega ya Moza yakipanda.

"Shikamoo, mama," Nasma akasema.

"Marahaba, mwanangu." Severa akapekua begi la Sabaha, akakuta nguo za kubadili na chupa tupu. Kisha akainua macho, na uso wote ukabadilika. "Kumbe tuna mgeni. Ana miezi mingapi?"

Sabaha alishafungua mdomo, maana uongo alikuwa ameuandaa njia nzima. Nasma akamtangulia.

"Mitano."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Anaitwa nani?"

"Fikirini."

Lilimtoka hivyo hivyo, bila kusita. Jina lile hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata mbele ya Anuari. Sabaha aligeuka akamtazama. Moza naye aligeuka. Midomo yake ilicheza kidogo, kama anajifundisha neno.

"Fikirini amelala, simwamshi," Severa akasema. "Lakini siwezi kumwona mtoto mara ya kwanza nikamwacha mikono mitupu." Akatoa noti ya elfu mbili mfukoni, akazunguka nyuma, akaichomeka ndani ya mbeleko. Mkono wake ukakaa pale kidogo. "Mbona ana joto hivi?"

"Jua," Sabaha akadakia. "Jua la leo, dada yangu."

"Hili si la jua. Mpelekeni kivulini, mumpe maziwa." Akawafunga bangili za karatasi za kiingilio mikononi, akawafungulia, lakini Nasma alipogeuka nyuma alimkuta bado anawaangalia, na mkono wake mmoja umeshika redio ya kiunoni.

Ndani kulikuwa na muziki na harufu ya mafuta ya chipsi. Sabaha aliyasoma mabango ya bei mojamoja akitikisa kichwa kwa furaha ya ushindi. "Tutafute kona tule," akanong'ona. "Wifi, umenisikia? Na lile jina umelitoa wapi?"

"Twende kwanza kwenye gurudumu," Nasma akasema. "Moza apande kwanza."

Aliogopa. Kama wangekamatwa, afadhali wakamatwe mtoto ameshapanda. Foleni ilikuwa ya watu ishirini hivi. Fundo lilikuwa likiteleza. Kila akilikaza lilirudi nyuma zaidi, na mzigo ulikuwa umeshuka kutoka mabegani hadi kiunoni. Akapeleka mikono yote miwili nyuma akaushika kwa chini. Watu kumi. Watu sita. Moza alikuwa amemshika sketi, na macho yake hayakuwa kwenye gurudumu. Yalikuwa kwenye ile kofia ya sufi.

Walipobaki wanne Nasma alimwona Severa anakuja. Pembeni yake alikuwa nesi wa bustani, Angelina, kijana bado, na begi lenye msalaba mwekundu. Walikuwa wanatembea haraka kwa namna ya watu wasiotaka kuonekana wanakimbia.

"Mama Fikirini," Severa akasema. "Nimekuja na nesi amwangalie mtoto. Nimekaa pale roho imekataa."

"Amelala tu," Sabaha akasema.

"Nilimgusa, dada. Ana homa, na hakutikisika." Severa alikuwa amesimama karibu sasa, na jicho lake likashuka kwenye fundo. Akaishika ncha ya kanga kwa vidole viwili, akaisugua. "Hii haijafuliwa hata mara moja. Mtoto wa miezi mitano, alikuwa anabebwa na nini?"

Angelina alikuwa ameshapita nyuma yake. "Kichwa kimefunikwa chote. Mama, mshushe haraka. Mara ya mwisho umemsikia saa ngapi?"

Swali lile Nasma alishaulizwa. Aliulizwa na nesi mwingine, amelala chali, na alijibu kwamba jana jioni, labda, hakuwa na hakika, na nesi yule alinyamaza akaita mwenzake. Sasa alijua alichokibeba ni mchele na kuku, alijua vizuri sana, lakini mikono yake ilikaza kule nyuma na haikutaka kuachia. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Msimchukue."

"Mama, mshushe."

"Msimchukue. Nawaomba."

Foleni nzima ilikuwa imegeuka. Sabaha alisimama na mkono mdomoni, na nadhani hapo ndipo alipoyaona mahesabu yake yalipomfikisha. Mbele yao kiti kimoja cha lile gurudumu kubwa kilisimama, kijana wa tiketi akasema anayefuata ni mtoto, mtoto apande.

Moza alitoka kwenye foleni. Alimpa mgongo kijana wa tiketi, akasimama ubavuni mwa mama yake, akapitisha mikono nyuma, akamshika viganja na kuvifungua kidole kimoja kimoja.

"Mama, mshushe," akasema. "Siyo Fikirini. Fikirini tulimzika."

Fundo likaachia. Kifurushi kiliteleza kikaanguka kwenye kokoto, kofia ikaenda upande wake, blanketi likafunguka, foili moja ikapasuka, na pilau ikamwagika mbele ya viatu vya nesi ikifuka moshi. Mtu mmoja nyuma alicheka. Severa aligeuza shingo tu, na kicheko kikakatika.

Nasma alikuwa amekaa chini, kanga mapajani, analia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia wodini kwa sababu walimwambia avumilie. Moza alikuwa amemkumbatia shingo. Naye alikuwa analia, kilio cha mtoto, cha kamasi na kwikwi, na Nasma alipokisikia alijua kwamba yule binti alikuwa akikisubiria ruhusa miezi yote ile.

Severa aliinama, akaokota vifurushi viwili ambavyo havikupasuka, akavikung'uta.

"Kanuni inasema nje," akasema. "Simameni."

Walimfuata. Sabaha alijaribu kueleza ya ugumu wa maisha, akaona maneno hayafiki. Geti likafunguliwa, wakatoka, na Nasma akaliangalia gurudumu likizunguka nyuma ya ukuta akajua yote yameisha, miezi mitatu ya Anuari na ombi la Moza. Akakuta ile elfu mbili imenasa kwenye mkunjo wa kanga. Akamnyooshea Severa bila kumtazama usoni.

"Nisamehe, mama. Chukua hela yako."

"Hiyo si yangu, wala si yako. Nilimpa Fikirini." Severa akaweka vifurushi juu ya benchi la walinzi, chini ya turubai, nje ya geti. "Chakula kinaliwa nje, ndivyo kanuni inavyosema. Mkimaliza, bangili za karatasi mnazo mikononi, mtaingia. Mlangoni nipo mimi mpaka saa kumi na mbili." Akapiga hatua, akarudi. "Siku nyingine ukiulizwa na nesi, useme kweli. Nilishajiona namzika mtoto wa watu."

Wakaketi wakala. Moza alikula paja zima na kulamba vidole. Sabaha hakugusa kitu, yeye aliyeipika na kuipigania pilau ile.

"Wifi, sikujua kama alikuwa na jina," akasema mwishowe.

"Hukuuliza," Nasma akasema. "Na mimi sikusema."

Moza alilipanda gurudumu saa tisa, mara mbili. Alipokuwa juu alipunga mkono, na Nasma alimwona meno.

Asubuhi yake kanga ilikuwa na doa la mafuta pana kama sahani. Nasma akaitia kwenye beseni pale uani nyuma ya ghorofa. Sabaha akaja na sabuni ya mche, akachuchumaa, akanyoosha mikono.

"Lete nikufulie, wifi."

"Hapana, wifi. Hii naifua mwenyewe."

Sabaha hakuondoka. Akakaa akishika sabuni, akimpa kila alipoihitaji. Maji ya kwanza yalitoka meupe kwa stachi. Moza akaja akashika pindo moja, mama yake akashika jingine, wakaikamua kila mtu akisokotea upande wake, hadi ikaacha kudondosha.

"Mama," Moza akasema, "Fikirini angekuwa mzito kama ile pilau?"

Nasma alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu swali lilistahili.

"Zaidi kidogo," akasema.

Wakaianika.