Salamu za Saa Mbili

Nakutegea wewe uliyekaa hapo, na ukishindwa mji ni wangu: hana mdomo lakini anauliza, hana miguu lakini hakosi kufika, ukimwambia u mzima anakuaga papo hapo, ukimwambia u mgonjwa anavuta kiti. Nani huyo?

Usijikune kichwa. Ni simu ya fundi makochi, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kila siku, saa mbili kamili asubuhi, ililia tii-tii ikaandika: "Habari ya asubuhi. Unajisikiaje leo?" Chini yake nyuso tatu, mmoja unacheka, mmoja umenuna, mmoja unalia. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemwekea programu hiyo siku fundi alipotoka wodini, baada ya wiki tano za dawa za saratani ya damu.

"Ukigusa hapa, mimi naona huku kwangu," alimwelekeza. "Na joto likifika thelathini na nane, baba, njoo hospitali, usingoje hata chai ipoe. Damu yako sasa hivi haina askari. Homa ndogo kwako ni moto kwenye ghala la sponji."

Hilo fundi alilielewa. Sponji alikuwa ameishi nazo miaka thelathini.

Sasa asubuhi hiyo simu ilipolia, fundi alikuwa kwenye mzunguko wa kumi na moja, dirishani hadi mlango wa jikoni, mlango wa jikoni hadi dirishani. Akakaa. Akasimama. Akabonyeza mkono wa kochi, akasikia springi imelegea, akatamani nyundo. Nyundo alikatazwa, na misumari, na vumbi la karakana, maana kwa damu yake kidonda cha msumari kingeweza kuvuja kutwa nzima. Mikono ikakosa pa kukaa. Ikaingia mfukoni, ikatoka, ikachomoa uzi kwenye mto wa kochi, ikaufuata mpaka nusu ya mshono ikafumuka.

Na ndani ya mifupa palikuwa na baridi.

Kipimajoto alikificha chini ya mto huo huo. Jana jioni kilisema thelathini na nane kamili, akailaumu chai. Leo alfajiri kikaongeza nukta tatu, na chai alikuwa bado hajainywa.

Akaichukua simu, akagusa uso unaocheka, kama kila siku.

"Vizuri sana! Siku njema," simu ikaandika, ikajifunga.

Fundi akabaki anaikodolea macho.

Ngoja nikueleze, usije ukamwona mjinga. Mtu akikuuliza habari, wewe unajibuje? Nzuri. Hata kama paa limeangukia kitanda, nzuri. Akuulize za nyumbani, salama. Akuulize za watoto, wazima. Hapo kwenye ya tatu au ya nne ndipo unapokohoa kidogo, unasema, "Ila tu..." na mambo yote yanatoka. Hivyo ndivyo fundi alivyosalimiana na watu tangu apate akili. Humwagii mtu shida zako mlangoni hajaingia hata ndani. Basi kwa siku ishirini na moja alikuwa akiingoja simu iulize la pili. Alikuwa na vidonda mdomoni vya kuisimulia, alikuwa na uchovu, alikuwa na ganzi vidoleni. Yenyewe ikisikia nzuri tu, imeshaondoka.

Hayo ndiyo aliyojiambia. Lakini lilikuwapo jingine, nalo hakulisema hata moyoni kwa sauti. Homa ni kurudi kile chumba cha peke yake huko wodini, dirisha lisilofunguka, na mlango wenye kioo ambao mkewe alisimama nyuma yake akipunga mkono kama anayeaga msafiri.

"Shemeji, utalichosha hilo zulia!"

Huyo ni mdogo wa mkewe, anayeshinda naye mkewe anapokwenda kupika shuleni. Alikuwa ametoka jikoni, vikombe mkononi.

"Sebule hii fupi," fundi akasema. "Nikianza kutembea tu, imeisha."

"Kaa basi."

"Nimekaa."

"Umekaa kwa miguu?" Akamtazama vizuri. "Na hilo sweta? Mimi hapa natoka jasho."

"Lako ni jasho la uvivu."

"Na uso mbona umeiva hivyo?"

"Uzuri huo. Dada yako hakuolewa na kinyago."

Shemeji alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akaweka vikombe chini, akanyoosha mkono kuligusa paji la uso. Fundi akainama ghafla kukagua mguu wa kochi, mguu ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Umepima joto?"

"Simu imeshaniuliza. Imesema siku njema."

"Nimekuuliza mimi, si simu."

Fundi akaanza mzunguko wa kumi na mbili. Hata dirishani hajafika, simu ikaita kwa mlio mwingine, mlio wa mtu. Shemeji akamtangulia kuidaka, akaifungulia sauti.

"Habari yako, baba?" Alikuwa muuguzi.

"Nzuri, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri. Nyumbani?"

"Salama."

"Mama na watoto?"

"Wazima kabisa."

"Haya. Nimekaa hapa naangalia majibu yako. Siku ishirini na moja, zote unacheka. Kwa dawa ulizomeza, baba, hakuna anayecheka siku ishirini na moja. Mimi mzima, jana tu nimenuna mara mbili. Sina haraka. Nimeshavuta kiti. Unajisikiaje?"

Sasa hapakuwa na simu ya kulaumiwa. Fundi akalitazama dirisha, akautazama mlango. Miguu ilitaka kwenda, lakini akaketi kwenye kochi lile lililofumuka, na meno yakaanza kugongana mpaka shemeji akayasikia. Shemeji hakutania. Alikaa chini karibu na miguu yake, ameishika simu juu kwa mikono miwili kama anayemshikia taa.



"Vibaya, mwanangu," fundi akasema. "Nina homa tangu jana jioni, nami kile chumba nakiogopa."