Daftari la Msaragambo

Makazi ya wazee yalikuwa na kitanda kimoja kilichobaki wazi, na Ijumaa saa sita mchana angepewa mtu mwingine. Afisa ustawi alimwambia Wilhelmina hivyo bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu: lete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kana kwamba barua zinaota kando ya barabara!

Tangu shemeji zake wauze kiwanja cha marehemu mumewe kule Sapiwi, Wilhelmina alikuwa analala kwenye kibaraza cha ghala la pamba, hapa Bariadi. Sungusungu, walinzi wa mtaa, walimwandama kama vile ndiye aliyeiba ng'ombe wote wa Simiyu. Walevi walilala palepale wakaachwa wakikoroma. Kikongwe ndiye aliyenyanyuliwa. Mara tatu kamanda wao, Mayala, alimwandika daftarini kwa kutofika kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya wakazi wa mtaa, akampa adhabu ya kuchimba mtaro. Bibi wa miaka sitini na saba, na goti bovu, anachimba mtaro.

Ijumaa asubuhi akaingia ofisi ya mtaa.

"Mwangaluka, mwenyekiti."

"Mwangaluka, mayu," alijibu Bundala, mwenyekiti. "Umerudi tena? Barua ni ya mkazi. Wewe huna nyumba, huna balozi wa nyumba kumi. Nenda Sapiwi wakakuandikie."

"Sapiwi wanasema nilishahama."

"Sasa mimi nifanyeje?" Akamgeukia mtu mwingine aliyekuwa kwenye foleni.

Siku zote alitoka pale akilia. Leo alikuwa na hasira, na hasira ilimfaa zaidi. Akakaa kwenye benchi, hakuondoka. Saa tano Mayala akaingia, daftari kwapani, kuja kugongewa muhuri.

"Mayala mwanangu," Wilhelmina akasimama, "hebu nisomee jina langu. Kwa sauti."

Mayala alimtazama mwenyekiti, kisha akafungua. "Wilhelmina Luhende. Kibaraza cha ghala. Kosa: mkazi kutofika kwenye msaragambo." Muhuri wa Bundala ulikuwa chini ya ukurasa, umekolea wino.

"Mwenyekiti, mgeni anadaiwa msaragambo?"

"Hadaiwi!" foleni ikajibu. Mtu mmoja akacheka.

"Hayo ni mambo ya ulinzi, mayu, hayahusiani na..."

"Kama si mkazi, mmenionea mara tatu, na sitoki hapa mpaka mtendaji wa kata aje asikie. Kama ni mkazi, andika."

Bundala alijikuna shingo. Akavuta karatasi, akaandika polepole, huku Wilhelmina amemsimamia mezani. Ilikuwa saa tano na nusu. Akafika kwenye nafasi ya shahidi, kalamu ikasimama.

"Hapa sasa niandike nani? Nani anayekujua?"

"Andika Mayala," Wilhelmina alisema. "Katika mji huu wote, ndiye pekee aliyewahi kunitafuta."

Mayala alichukua kalamu, akatia sahihi akiwa ameinamisha uso.