Keki za Saw Hoon

Gaik Suan hakuwahi kumwona Saw Hoon akiwa hai, lakini alimchukia kama mke mwenza anayeishi naye nyumba moja. Marehemu alikuwa amebaki kibao cha jina tu, chenye maandishi ya dhahabu, safu moja na vibao vya wafu wengine wa ukoo wa Quah katika nyumba yao ya ukoo wanamotambikia wahenga, Mtaa wa Armenia, mjini George Town. Hata hivyo, kila mwezi mpevu Teong Beng, mume wa Gaik Suan na fundi wa viti vya henzirani, alivaa shati safi, akalaza nywele kwa maji, akampelekea mkewe huyo wa kwanza keki.

Na mpishi ni nani? Gaik Suan! Keki nyekundu za umbo la kobe, ndani choroko tamu.

"Shati hilo mbona hulivai tukienda kwa mama yangu?" alimuuliza mumewe mwezi mpevu mmoja.

"Mama yako si hutuweka jikoni tu?"

Gaik Suan akaingia jikoni. Alipokuwa akiponda choroko alisukuma kando kikopo cha sukari, akachota chumvi, konzi nzima. "Ale, ashibe," akanong'ona.

Walipofika wote wawili, nyumba ya ukoo ilikuwa imejaa moshi wa udi. Teong Beng alipanga keki mbele ya kibao, akainama, akazungumza kwa sauti laini ambayo Gaik Suan hajawahi kuisikia hata chumbani. Sadaka ilipokwisha na keki kuwa ruhusa kuliwa, Shangazi Keow, mtunzaji wa nyumba hiyo, alimega keki moja, akaitema kiganjani.

"Mama wee! Hizi keki au ng'onda?"

Teong Beng naye akaonja. Gaik Suan akajikaza kusubiri matusi. Kumbe! Mumewe alicheka hadi machozi yakamlengalenga.

"Shangazi, unakumbuka? Saw Hoon hakujua kupika kabisa! Tulipooana tu alitia keki chumvi akidhani ni sukari, nami nikazila zote." Akachukua ya pili, akaitafuna taratibu, macho kayafumba.

Laiti angemtukana!

"Mimi sikukosea," Gaik Suan alisema. "Nimetia makusudi. Siku zote nakupikia tamu, husemi hata ahsante. Leo nimekupikia uchafu, unalia kwa raha. Basi kaa naye huyo!"

Shangazi Keow akajifanya anafuta meza. Gaik Suan alitoka, akauvuka kwa hasira ua uliosakafiwa mawe. Teong Beng alimfikia langoni, anahema.

"Zile keki zako za karanga, za mwaka mpya," akasema, "niliiba mbili nikazificha kwenye sanduku la vifaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia yeye." Akaelekeza kidevu ndani. "Kila nikija namwambia unapika kumshinda."

Gaik Suan akamkazia macho. "Yaani hata sifa zangu anapewa yeye?"

"Sasa ulitaka..."

"Niambie mimi."

"Hapa? Watu wanapita!"

"Hapa hapa."

Teong Beng akakohoa, masikio yamemwiva, akaanza kwa kigugumizi na zile za karanga. Gaik Suan akamwambia apaze sauti.