Sarafu Juu ya Sindano

Usiku wa jana ndoto ilinikuta ugomvini, tena ugomvi wenyewe umeshafika katikati. Mwanangu Zawena amesimama upande mmoja wa gramafoni, mimi upande wa pili, na yeye ndiye aliyekuwa anasema.

"Mama, jina halisikiki tena. Wewe unalisikia kwa sababu ni lako."

"Masikio yangu hayajawahi kwenda likizo," nikamjibu.

Ugomvi huo ni wa kweli, tuliuanza mezani jioni, kwa hiyo sikushangaa kuukuta ndotoni. Marehemu mume wangu, Kobelo, alipiga tarumbeta katika bendi ya kiwanda. Imebaki santuri moja tu. Kwenye wimbo wa upande wa pili, tarumbeta likinyamaza, anasikika akisema: "Asumini, nakuja, usifunge mlango." Asumini ni mimi. Sauti yake nyingine haipo duniani. Zawena anataka kuipeleka santuri Dar es Salaam kwa fundi mwenye sindano nzuri, ainakili, ibaki salama. Nimekataa. Nina diploma ya ugavi na nimetunza stoo ya shule miaka ishirini na sita. Najua kitu kikitoka bila mimi kinarudi vipi.

"Basi toa hiyo sarafu," akasema Zawena.

Sarafu ya mia mbili nimeibandika kwa plasta juu ya kichwa cha sindano, maana bila hiyo sindano inaruka. Kobelo mwenyewe alinifundisha. Baa zote za Morogoro zilifanya hivyo.

"Haitoki," nikasema.

"Mbona mimi siulizwi?" ikasema sindano.

Ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Nikaiambia wakubwa wanaongea. Ikasema imefanya kazi saa elfu tatu na ilitakiwa kustaafu kwenye elfu moja, sasa hapo chumbani mkubwa ni nani?

Nikageuka kumtazama Zawena, hayupo. Sebule nayo haipo. Tuko kwenye mizani ya barabara kuu, ile ya kupimia malori, jua la saa sita, na sindano imepanga foleni kati ya lori la saruji na lori la vitunguu. Mimi ni utingo wake.

Maofisa wa mizani ni spika mbili zilizovaa sare. Moja imesimama kushoto mwa barabara, nyingine kulia, na kila moja inasema nusu yake.

"Mzigo unaoruhusiwa," inasema ya kushoto.

"Ni gramu mbili," inamalizia ya kulia.

Sindano inapanda. Gramu kumi. Lori la saruji linapiga honi ya masikitiko.

"Nani amepakia?"

"Mama huyu," inasema sindano bila kusita.

"Mama, kazi yako?"

"Mtunza stoo."

Spika zinatazamana.

"Umepima maharage ya shule nzima," inasema ya kushoto.

"Sarafu hukuipima."

Ni kweli. Sikuipima. Nilitaka kusema kwamba ni kitu kidogo tu, nikakumbuka watu niliowafokea dirishani kwa maneno hayo hayo.

Amri inatolewa: mzigo wa ziada anaubeba aliyeupakia. Wananitwika sarafu kichwani, nami nimekuwa mdogo kama chawa, na wananionyesha barabara. Ni nyeusi, inang'aa, ina kuta pande zote mbili, na inapinda kushoto bila kumaliza kupinda. Natembea. Sarafu inaparuza kuta. Kila inapoparuza linadondoka vumbi jeusi, na kabla halijatua linalia kidogo, kama tarumbeta lililo mbali.

Nikamkuta Kobelo amechuchumaa njiani na brashi ya kufutia santuri, anafagia. Amevaa shati la bendi. Akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Umenenepa."

"Ni sarafu."

"Nimeiona. Inapita juu yangu kila Jumapili baada ya chakula."

Nikaitua, nikakaa juu yake. Nikamwambia aseme yale maneno. Akasimama vizuri, akafunga kifungo cha shati, akafumbua mdomo. Ulitoka mkwaruzo, halafu: "nakuja, usifunge mlango."

"Na jina?"

Akatoa mfukoni kikaratasi kilichosokotwa kama cha karanga. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi, halijai kijiko cha chai.

"Hili hapa. Nimelizoa lote. Kulirudisha ukutani ndiko kulikonishinda."

Nikachota kwa kidole. Halikuwa na uzito wowote.

"Na yaliyobaki?"

"Ukiendelea hivi, Jumapili nne. Halafu litabaki tarumbeta peke yake. Lile lina nguvu. Mimi nilikuwa naongea tu."

"Zawena anataka kukuchukua," nikamwambia. "Nikikutoa mlangoni, itakuwa kama ile siku."

Ile siku alitoka asubuhi na tarumbeta lake kwenda kupiga Dodoma, na gari likapinduka. Mlango niliufunga mwenyewe nyuma yake, kwa komeo, kwa sababu ya vumbi.

Kobelo akarudi kuchuchumaa, akaendelea kufagia.

"Mimi sikukwambia unifungie ndani, mke wangu," akasema. "Nilikwambia usifunge."

Nikaamka. Kumepambazuka, na Zawena alikuwa sebuleni anahangaika na zipu ya begi, basi lake ni la saa kumi na mbili na nusu. Nikatazama mkono wangu wa kulia. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada kulikuwa na vumbi jeusi, laini, linang'aa. Nililala nimeoga, tena kwa dodoki.

Sikunawa. Nikaenda moja kwa moja kwenye gramafoni, nikabandua plasta, nikatoa sarafu. Santuri nikaitia kwenye jalada lake, nikaizungushia kanga mbili, nikaiweka mikononi mwa Zawena.

Akaitazama, akanitazama. "Mama?"

"Isimame wima, usiilaze. Usiiweke juani. Usimpe kondakta, hata akikuita dada. Ukifika kwa fundi unipigie, nataka niongee naye mwenyewe."

"Jana mezani ulisema mpaka ufe."

"Utakosa basi."

Akanikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na mzigo, akatoka. Nilimtazama mpaka akakata kona. Upepo ukaingiza vumbi la barabarani sebuleni, kisha ukaanza kuusukuma mlango ujifunge.

Nikaburuta kinu kutoka jikoni, nikauwekea.