Mashine Isiyo na Kelele

Mgeni alikuja kwa miguu, na hilo peke yake lilinikera. Watu wa ruzuku huja na gari, dereva akabaki nje anachezea simu. Huyu alisimama mlangoni akatazama paa, akatazama madirisha, kisha jicho lake likatulia kwenye mlango wa nyuma.

"Ule unatokea wapi?"

"Uchochoroni," nikamwambia. "Kuna takataka tu."

Mwenye kampuni hii ya vitabu ni dada yangu mkubwa. Mimi ni fundi wake: nakunja, nashona, napaka gundi, nakata. Shule niliiacha mapema na sijawahi kuililia. Ila vitabu vyetu vyote nimevisoma, maana huwezi kushona kitu kutwa nzima usikichungulie. Dada huchapisha watu ambao wachapishaji wakubwa hawafungui hata bahasha zao: mwashi, kipofu, mfagiaji wa ofisi, watu wa lugha zisizosikika redioni. Vitabu vizuri, wanunuzi haba. Bila ruzuku ile tungefunga mlango kabla mwaka haujaisha, na kila mwandishi wetu alilijua hilo.

Mgeni akaketi. Dada akamletea maji. Akatoa kitambaa mfukoni, akakikunja vizuri, akafuta ukingo wa glasi ndipo akanywa.

"Sijakuwekea sumu, ndugu yangu," dada akacheka.

"Mazoea tu, mama."

Akasifia kila kitu. Akasifia rafu, akasifia hata harufu ya gundi, ambayo mke wangu hataki niingie nayo chumbani. Kisha akafika kwenye mashine yetu ya kukatia karatasi. Ni kuukuu. Ukiiwasha, vikombe hutembea mezani na mtu wa ghorofa ya juu hugonga sakafu kwa kiatu.

"Hii tutaiondoa," akasema. "Mtaletewa mpya, isiyo na kelele. Mtu akikohoa chumba cha pili mtamsikia."

Dada akashukuru. Mimi sikushukuru.

"Na Shangazi anafika saa ngapi?"

Shangazi ni jina lililo juu ya kitabu chetu kilichopendwa kuliko vyote, hadithi ya mtumishi katika nyumba ya watu wakubwa. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini tulizoea kumwita hivyo. Sura yake haijulikani na picha hatujampiga. Wafadhili walisema wanataka kumwona yeye hasa, sauti zilizosahauliwa, sijui nini na nini. Dada alimbembeleza mpaka akakubali.

"Yuko njiani," dada akajibu.

"Vizuri. Huandika mwenyewe au husimulia? Maana kwa vidole vile, kalamu..." Akaiachia hapo, akanywa maji.

Chumba kikapoa. Shangazi alimwagiwa mafuta ya moto mkono wa kulia katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi, na vidole vyake havikunjuki. Ndiyo maana yeye husema na dada huandika, akirudia kila sentensi kwa sauti ili asipotoshe neno. Lakini katika kitabu mkono haumo. Alikataa kabisa kuutia. "Huo ni wangu," alisema. Kwa hiyo waliojua habari za mkono ni sisi na wale waliommwagia mafuta.

Dada hakuacha kutabasamu. Akanigeukia. "Mdogo wangu, hebu kaangalie gundi isije ikaungua jikoni."

Gundi yetu haipikwi, na jiko hatuna. Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilimkuta Shangazi katikati ya uchochoro, anaruka madimbwi, amevaa gauni lake la maana, mkono ameuficha chini ya mtandio.

"Kaka, mbona umevaa uso wa msiba? Mgeni kapita bila kutoa kitu?"

"Rudi. Anaujua mkono wako."

Utani ukamkauka mdomoni. "Mmempa maji?"

"Ndiyo."

"Akafuta glasi kwanza?"

"Kwa kitambaa. Alikikunja."

Akaegemea ukuta. "Mdogo wake bwana wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyenishika."

Nilidhani atatimua mbio. Akafunga mtandio vizuri. "Mwambie dada aweke karatasi tayari. Nikifika ninakokwenda nitapiga simu. Huo mkono sasa nitausema."

"Unakwenda wapi?"

"Usijue. Wakikuuliza, usihangaike kutunga uongo."

Akaingia duka la fundi cherehani kwa mlango wa uani, na mwenye duka, bila kuuliza neno, akavuta pazia nyuma yake.

Niliporudi, dada alinisoma usoni. Akasimama. "Shangazi haji."

"Naweza kusubiri."

"Haji leo wala kesho. Na ruzuku yenu siitaki."

Mgeni hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Alikunja kitambaa chake, akakirudisha mfukoni. "Mama, imekwisha kupitishwa. Mafundi wa mashine wako njiani." Kisha akatazama viatu vyangu, vilivyojaa tope. "Takataka tu, eti, fundi?"

Akaondoka kwa miguu kama alivyokuja.

Haikupita muda, gari la mizigo likasimama ng'ambo ya barabara. Wanaume wawili mbele, vioo wameteremsha, hawashushi kitu. Madirisha yetu hayafungi sawasawa na ukuta wa upande wa barabara ni wa mbao. Dada akaketi, akasogeza karatasi. Simu ikalia. Akaibana kati ya sikio na bega.

"Nakusikia, mdogo wangu. Anza."

Akaandika, na kama kawaida yake akarudia: "Jikoni mlikuwa na watu watatu..."

Ng'ambo kule, mmoja akatoa kichwa dirishani.

Ningemwambia dada anyamaze. Lakini huwezi kumwambia mtu abadili mkono katikati ya mshono, na Shangazi hasimulii mara mbili. Nikaenda kwenye mashine nikaiwasha. Kisu kikashuka, kikapanda, hakuna hata karatasi moja chini yake. Huko juu kiatu kikaanza kugonga. Glasi ya mgeni ikatembea polepole kuelekea ukingo wa meza, na midomo ya dada ikaendelea kucheza bila mimi kusikia neno.

Mlango wa gari ukafunguka. Nikaendelea kukata hewa.