Mlango wa Tumboni

Perihan Aksu aliuchora mlango ule kwa miezi saba. Ulikuwa wa tumboni mwa ndege mpya ya kivita, pale makombora yanapofichwa, na ukingo wake aliutia meno kama ya msumeno, kila jino likiinama sambamba na ukingo wa bawa. Mawimbi ya rada yakipiga pale yalitupwa kando, yasimrudie adui.

Mkuu wake, Bwana Cevdet, aliyafuta meno hayo asubuhi moja ya Februari. Maonyesho ya ndege yalikuwa karibu, na karakana ilidai ukingo ulionyooka unakatwa upesi.

"Tia sahihi, Bi Perihan," alimwambia, akimsogezea mchoro kando ya gilasi ya chai.

"Huu si wangu. Ukingo huu utang'aa kwenye rada kama bati juani."

"Umbo lote la ndege ni lile lile. Unagombania mlango?"

"Basi sahihi tia wewe."

Bwana Cevdet hakutia. Aliupeleka karakana hivyo hivyo, nafasi ya mchoraji ikiwa tupu, na wiki iliyofuata Perihan akahamishiwa chumba cha nyaraka kupanga mafaili. Fundi Rıfkı wa karakana alimletea mkate wa ufuta.

"Dada, huko wanasema una kichwa kigumu."

"Waambie ndicho walichokiajiri."

Mwezi Mei kielelezo cha ndege kiliingizwa chumba cha majaribio. Rada ikakiona vizuri mno, na kilichoonekana zaidi kilikuwa mlango. Jioni ile Bwana Cevdet alishuka chumba cha nyaraka na mchoro mkononi, sauti yake laini.

"Sahihi yako tu, na tarehe ya Februari. Kila mchoro lazima uwe na mwenyewe."

"Februari uliniondoa mezani kwangu kwa kukataa. Leo unataka niwe nilikubali?"

"Wafikirie wenzako."

"Wenzangu walikuwa wapi nilipokuwa napangusa vumbi huku?"

Akachukua kalamu, akaandika katika nafasi ile tupu: Nilikataa mchoro huu Februari, kwa sababu ya ukingo. Akaweka tarehe ya siku ile, akapanda ngazi hadi kwa mhandisi mkuu, Bi Nebahat, Bwana Cevdet akimfuata nyuma akihema.

Bi Nebahat alisoma mara mbili. "Mchoro wa meno bado unao?"

"Ninao."

"Mchoro huo uende karakana leo."

Mlango mpya ulipopimwa, rada haikuushika. Perihan alirudishiwa meza yake. Bwana Cevdet naye alibaki na ofisi yake, na siku ya maonyesho ndiye aliyewaeleza wageni namna "tulivyoamua" kuweka meno.

Perihan alimwandikia barua kudai amwombe radhi kwa maandishi. Hajajibiwa. Kila Jumatatu huituma tena, bila kubadilisha hata neno.